Kuzitafuta Elfu Tisa

Kwenye machimbo ya Geita na Kahama hakuna anayeudharau mchanga kwa sababu tu umekwisha kuoshwa. Mawe yakishasagwa kwenye karasha na unga wake ukapitishwa kwenye mwalo wa kuoshea wenye mazulia, mchanga unaobaki huitwa marudio, nao una bei yake. Kila mtu anajua kwamba maji na mazulia hayakukamata dhahabu yote. Iliyobaki itafuatwa kwa sayanidi kwenye plenti ya kuchenjulia. Watu wa ukanda huu wamekwisha kukubali, basi, kwamba mkono wa kwanza haukamati kila kitu, na kwamba palipopitiwa mara moja panastahili kupitiwa tena. Natamani imani hiyo iifuate dhahabu hadi inakoishia baada ya kuuzwa, yaani kwenye hesabu za nyumbani. Na hapo nataka kuusifu ufundi usioimbiwa na mtu: ufundi wa anayekaa mbele ya programu ya bajeti, kwenye simu au kompyuta, akiuliza kwa nini jumla za mafungu hazilingani na fedha zilizotoka.

Methali husema mali bila daftari hupotea bila habari. Ni kweli, lakini daftari lisilohakikiwa nalo hupoteza mali huku likitoa habari, na habari za uongo hudhuru kuliko ukimya. Hoja yangu ni kwamba ukweli wa hesabu hukaa kwenye mafungu kabla haujafika kwenye jumla kuu. Kiswahili kilichagua neno zuri. Fungu ni lundo la nyanya lililopangwa sokoni, na pia ni sehemu anayostahili mrithi au mbia. Ndani yake mna kipimo na mna haki. Tuseme nyumba moja ya Kahama imelipa ada ya shule shilingi 100,000, zikaandikwa kwa makosa kwenye fungu la matumizi ya duara, yaani shimo lao la kuchimbia dhahabu. Jumla ya mwezi haitabadilika hata senti moja. Lakini watu wa nyumba hiyo wataamini kwamba duara linakula kuliko linavyokula, na kwamba masomo ni rahisi kuliko yalivyo, kisha huenda wakaamua kupunguza matimba, yale magogo yanayozuia kuta za shimo. Kosa la kalamu litakuwa limemfikia anayeshuka chini.

Makosa mengine huigusa jumla yenyewe, na kuyatafuta kuna njia zake. Anayezijua haanzi kwa kupekua kila mstari. Kwanza huutazama ukubwa wa tofauti kati ya jumla za mafungu na fedha zilizotoka. Ikigawanyika kwa 9 bila baki, hushuku tarakimu zilizobadilishana nafasi: 54,000 ikiandikwa 45,000 huacha pengo la 9,000, na tarakimu mbili jirani zikipishana, popote ziwapo, pengo lake daima ni kigawe cha 9. Sifuri iliyoanguka huacha alama hiyohiyo, kwani 50,000 ikiandikwa 5,000 pengo ni 45,000. Tofauti ikiwa 40,000, huigawa kwa 2 na kuzitafuta 20,000 zilizorudishwa na mwenye duka, zikaandikwa kama zilizotumika. Hata hivyo dalili si hukumu, maana 9,000 zinaweza kuwa tu manunuzi yaliyosahaulika. Dalili zikiisha, huugawa mwezi: wiki mbili za kwanza zikilingana huziacha, na kubana zilizobaki. Busara hii ni ya zamani. Luca Pacioli alipochapisha kitabu chake Venice mwaka 1494, alieleza desturi ya wafanyabiashara ya kuandika kila muamala pande mbili, ili pande zikikataa kulingana, kule kukataa kwenyewe kuwe habari.

Kompyuta haikuyaondoa makosa. Iliyapa maficho mapya. Katika jedwali la Excel, namba iliyohifadhiwa kama maneno kwa kawaida huegemea kushoto mwa kisanduku, na amri ya kujumlisha safu huiruka kimyakimya. "Ada ya shule" na "Ada za shule", kwa programu, ni mafungu mawili. Ripoti iliyowekwa iishie tarehe 30 huiacha nje tarehe 31. Kosa gumu zaidi ni kuuita uhamisho matumizi: mtu ahamisha 300,000 kutoka benki kwenda M-Pesa, zinaandikwa kuwa zimetumika, kisha anaponunua mahindi kwa simu zinaandikwa tena. Fedha iliyobadilisha mfuko haijatumika. Kilichotumika ni makato ya muamala, nayo ndiyo husahaulika. Mauzo ya dhahabu yana mtego wake. Sheria iliporekebishwa mwaka 2017, dhahabu iliwekewa mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Tuchukue mtu aliyeuza dhahabu ya 1,000,000 kwenye soko la madini la Geita, lililofunguliwa Machi 2019, akakatwa hayo mawili kwa viwango hivyo, kisha akaandika 930,000 tu alizotia mfukoni. Fungu la mapato limepungua, fungu la tozo limebaki tupu, na 70,000 hazina pa kuonekana.

Wapo watakaosema programu hujumlisha yenyewe, na elfu tisa hazistahili usiku mzima. Programu hujumlisha ilichoambiwa, haijui kilichonyamaziwa. Na udogo wa tofauti si dhamana ya udogo wa kosa. Malipo ya 209,000 yakiachwa, na mengine ya 200,000 yakahesabiwa mara mbili, makosa hayo mawili makubwa yatafichana hadi zionekane 9,000 tu. Ndiyo maana kuzitupa 9,000 hizo kwenye fungu la "Mengineyo" ili pande zilingane ni kulifukia kosa likiwa hai.

Pingamizi zito zaidi hutoka machimboni kwenyewe: mafungu ni ya wenye mishahara, si ya mtu ambaye mwezi huu duara limetoa na mwezi ujao ni mawe matupu. Nadhani mambo ni kinyume chake. Mwenye mshahara akikosea, mwisho wa mwezi humwokoa. Mwenye duara anahitaji kujua mauzo ya leo yatabeba miezi mingapi, na jibu hilo hutoka kwenye mafungu ya matumizi peke yake, kwa kuwa mapato hayatabiriki. Hata mgodi mkubwa wa Buzwagi pale Kahama, ulioanza kuzalisha mwaka 2009, ulifika mwisho wake mwaka 2021. Dhahabu huisha, chakula na ada haviishi.

Fundi wa kweli akilipata kosa halifuti. Huandika marekebisho, tarehe na sababu, ili mke, mume au mbia atakayelifungua daftari kesho aone lilipokuwa na lilivyotoka. Katika nchi ambako watu hupimiana dhahabu kwa gramu na sehemu za gramu, kuzitafuta elfu tisa hadi zipatikane ni kuwapimia watu wa nyumbani kwa mizani ileile.