Nyuso Mbili za Kiwambo: Uhifadhi na Maana katika Kazi ya Sakai Hōitsu

Jina la Kijapani la kiwambo cha kukunja, byōbu, lina maana ya kizuizi cha upepo. Makala haya yanachunguza viwambo ambavyo upepo umepenya kutoka uso mmoja hadi wa pili, na yanahoji iwapo kutenganisha nyuso hizo ni kuihifadhi kazi yenyewe.

Mapema katika karne ya 18, Ogata Kōrin, akifuata kazi ya Tawaraya Sōtatsu, alichora jozi ya viwambo vya paneli mbili mbili: kulia Mungu wa Upepo, kushoto Mungu wa Radi, juu ya usuli wa dhahabu. Takribani mwaka 1821, Sakai Hōitsu alichora migongo ya viwambo hivyo. Nyuma ya Mungu wa Radi aliweka mimea ya majira ya joto iliyoinamishwa na mvua. Nyuma ya Mungu wa Upepo, mimea ya majira ya mapukutiko inayopeperushwa. Dhahabu ya mbele ilijibiwa kwa fedha.

Hōitsu hakuwarudia miungu. Alichora athari yao. Kwa Kōrin tunaona nguvu isiyo na ardhi ya kuangukia. Kwa Hōitsu, ardhi iliyopigwa na nguvu isiyoonekana. Aliyeunganisha sababu na tokeo ni mtazamaji aliyezunguka kiwambo. Kutembea, basi, kulikuwa sehemu ya kusoma.

Leo nyuso hizo, zote mali ya Makumbusho ya Kitaifa ya Tokyo, zimetenganishwa kwa sababu za uhifadhi. Sababu hizo haziwezi kupuuzwa: karatasi, rangi na fedha ni vitu dhaifu, na kazi iliyoharibika haina wa kuisoma. Hata hivyo, mimea ya Hōitsu ikitazamwa peke yake huonekana kuwa pambo zuri la misimu, ilhali ilikuwa jibu la msanii mmoja kwa mwingine aliyemtangulia kwa karne nzima.

Funzo kwa watunga sera za makumbusho ni kwamba uhusiano kati ya sehemu za kazi nao ni mali ya kuhifadhiwa. Pale utenganishaji usipoepukika, mpangilio wa awali uandikwe katika kumbukumbu, uelezwe kwa mtazamaji, na nakala zenye nyuso mbili zisimamishwe ukumbini ili azunguke. Bila hivyo, tutakuwa tumeokoa fedha na kuupoteza upepo.