Pigo Lisilotoa Damu

Katika mchezo wa kompyuta uitwao Pokémon, uliozaliwa Japani mwaka 1996, kila kiumbe huingia vitani na mbinu zisizozidi nne. Baadhi yazo huumiza mwili wa adui pale pale. Nyingine hazimwumizi hata kidogo, ila humtia katika hali: humlaza usingizi, humtia sumu, humpooza viungo. Wachezaji wachanga aghalabu huzidharau mbinu za aina hii ya pili na kuziona kuwa ni kupoteza zamu bure. Nami nakiri kwamba nilishindwa mara nyingi kabla ya kuzing'amua. Atakaye kuliona kosa hilo katika mambo ya kweli na asome habari za vita vya Unyanyembe vya mwaka 1871.

Mwezi wa Agosti mwaka ule Waarabu wa Tabora walitoka kumpiga Mirambo, mtemi wa Urambo, aliyeifunga njia ya misafara iendayo Ujiji. Henry Morton Stanley alikuwa pamoja nao, na ameyaandika aliyoyaona katika kitabu chake cha mwaka 1872. Sud bin Said alikwenda na watu wapatao mia tano, akauteka mji wa Wilyankuru. Mirambo hakukaa kuulinda mji. Alitoka na watu wake, wakajilaza majanini kandokando ya njia, akawaacha washindi wachukue pembe na nguo kadiri walivyoweza. Walipokuwa wakirudi wamelemewa na mali ndipo alipowainukia, na Sud akauawa. Bunduki walikuwa nazo. Mikono mitupu ndiyo waliyoikosa. Tazama basi: mzigo ule ulikuwa mbinu ya Mirambo, naye hakuutengeneza yeye, aliwaachia maadui wajitwike wenyewe.

Habari zilipofika kambini Zimbizo, waliokuwa hawajaguswa na risasi wala mkuki walikimbilia Mfuto, kila mtu na roho yake. Mwenye kuhesabu maiti tu hawezi kueleza jinsi jeshi lile lilivyovunjika, kwa maana wengi wa waliokimbia walikuwa wazima wa afya. Hapa ndipo mchezo wa Japani unapostahili sifa, nami siwapi wabunifu wake sifa hiyo kwa hisani. Wao walifahamu kwamba uwezo wa kupigana ni kitu kimoja, na uzima wa mwili ni kitu kingine. Katika michezo ile ya kwanza, kiumbe aliyepooza hubakiwa na robo ya kasi yake, na kwa wastani hushindwa kutenda lolote katika zamu moja kati ya nne, ingawa damu yake haijapungua hata tone. Ni wachache miongoni mwa waandishi wa habari za vita vyetu waliolipa jambo hilo uzito wake. Wengi hukimbilia kuhesabu magobole.

Lakini sifa hiyo ina mpaka. Kwanza, kanuni za mchezo hazimruhusu kiumbe kuwa na hali kubwa mbili kwa wakati mmoja: aliyekwisha kutiwa sumu hawezi tena kulazwa usingizi. Sheria hii yarahisisha hesabu, wala siichukii. Ila mpagazi aliyeivuka Mgunda Mkali, nyika ile iliyo mashariki ya Unyanyembe, angeicheka. Yeye alikuwa na kiu, na mzigo begani, na hofu ya rugaruga, yote kwa pamoja, na kila moja ikiizidisha mwenzake.

La pili ni kubwa zaidi, nalo lahusu woga. Tangu matoleo ya mwaka 2002 wako viumbe ambao kwa kuonekana tu uwanjani hupunguza nguvu za adui. Wazo zuri sana! Mirambo mwenyewe jina lake la kuzaliwa lilikuwa Mtyela Kasanda. Hili tunalomwita ni jina la vita, na maana yake ni maiti. Hamed bin Muhammed naye asimulia katika habari za maisha yake kwamba aliitwa Tippu Tip kwa mlio wa bunduki zake. Majina kama haya yalitangulia mbele ya wenyewe, yakaanza kazi kabla risasi haijatoka. Lakini katika mchezo, mchezaji akimwondoa uwanjani yule aliyetishwa na kumwingiza mwingine, woga ule hufutika mara moja. Sumu hubaki mwilini, usingizi hubaki, woga haubaki. Huu ni upungufu wa kuwaza, wala si wa ufundi. Aliyetoroka Wilyankuru hakuuacha woga wake uwanjani; aliubeba mpaka Zimbizo, na kutoka Zimbizo ukapelekwa Mfuto, na kutoka Mfuto ukaingia Tabora. Tarehe 22 Agosti Mirambo aliufuata huko huko, akamwua Khamis bin Abdallah na kuchoma sehemu ya mji.

Tarehe 20 Septemba Stanley aliondoka Kwihara kwenda Ujiji. Njia iliyonyooka ilipita katika nchi ya Mirambo, naye hakuishika. Alielekea kusini, akaizunguka nchi ile kwa majuma mengi, na wapagazi wake wakiwa na mizigo begani.