Ufundi wa Kuonana na Kusikilizana

Ukitaka kumjua fundi wa kweli wa sauti na picha, mtazame anapoingia katika chumba kitupu cha kufundishia. Hafungui maboksi. Hupiga kofi moja kubwa, akanyamaza, akasikiliza mlio unavyogonga vigae vya sakafu, unavyorukia plasta na kurudi kwenye vioo vya madirisha. Kisha huinua macho. Katika bonde la Kilombero paa ndilo la kuchunguzwa kwanza, kwa maana masika ikishuka juu ya bati lisilo na dari, hakuna spika itakayomwokoa mwalimu. Ukiongeza sauti umeongeza kelele.

Nausifu ufundi huu, na nausifu hasa kwa ajili ya Ifakara, mji wa bonde hilo uliozoea kufundisha. Mwaka 1949 mwanasayansi Mswisi Rudolf Geigy alifika hapa akitafuta mahali pa kuchunguzia magonjwa ya kitropiki, na kazi aliyoianzisha ndiyo iliyokua hata ikawa Taasisi ya Afya Ifakara. Tangu 2010 kipo pia Chuo Kikuu Kishiriki cha Mtakatifu Fransisko, kinachosomesha madaktari.

Chukua mfano wa somo lao moja, slaidi ya damu ya mgonjwa wa malaria. Ikishatiwa rangi ya Giemsa, kimelea kichanga huonekana ndani ya chembe ya damu: pete nyembamba ya buluu yenye nukta nyekundu. Kwenye hadubini huchungulia mtu mmoja, akasogea, akaja mwingine, na hakuna ajuaye kama wameona pete ileile. Kamera ikifungwa juu ya hadubini na picha ikaletwa mezani, wanafunzi sita wanaweza kubishana wakionyesha kwa kidole: hii ni pete, hapana, huo ni uchafu wa rangi. Ubishi huo ndio somo lenyewe. Chumba chote cha kufundishia hubuniwa ili ubishi huo uweze kutokea.

Sasa buluu ile hafifu ndiyo ya kwanza kupotea projekta ikiwashwa mchana, madirisha yakiwa wazi. Na Ifakara, kwa joto lile na unyevu ule, nani atawafungia watu ndani ya mapazia mazito? Pangaboi nalo likining'inia mahali pasipofaa hukata mwanga wa projekta, picha ikapepesa hadi macho yanauma. Fundi mwenye busara huachana na picha moja kubwa ya ukutani, akaipa kila meza luninga yake. Luninga ya inchi 50 ina kimo cha sentimita 62 hivi. Kwa kanuni ya wabunifu, anayesoma maandishi madogo asikae mbali kupita mara sita ya kimo hicho, yaani kama mita 3.7. Kwa meza ya watu sita yatosha na kubaki. Meza yenyewe haiwi duara, maana kwenye duara lazima wapo watakaoipa skrini kisogo. Hukatwa nusu duara, upande ulionyooka ukaegemea ukuta wenye skrini. Halafu kipo kitufe ninachokipenda kuliko vyote, kile kinachomwezesha mwalimu kuirusha picha ya meza moja kwenye skrini zote. Binti aliyekaa pembeni, asiyependa kusimama mbele za watu, ugunduzi wake unaonekana chumba kizima bila yeye kunyanyuka.

Umeme una hesabu yake. Mtambo wa Kihansi, wa megawati 180, unazungushwa na mto wa bonde hilihili, lakini kukatika kwa umeme kupo, na radi zipo. Projekta ya taa ikizimika ghafla, feni yake husimama taa ingali ya moto, na taa hiyo haidumu. Kwa hiyo betri ya akiba na waya wa ethi huandikwa katika bajeti kabla ya skrini.

Ombi langu kwa wanaojenga ni moja: fundi huyu aitwe kabla jamvi halijamwagwa. Nyaya za kila meza hupita chini ya sakafu, na mabomba yake yasipolazwa mapema, zege litakuja kupasuliwa kwa nyundo, au kebo zitatandazwa njiani ambapo wanafunzi watazikanyaga kila siku.