Sinema Tatu, Swali Moja

Watu wengi huzipanga sinema kama mchuuzi apangavyo mafungu ya nyanya: hizi za kaboi, hizi za Kihindi, hizi za mapenzi, hizi za kuchekesha. Kisha kila mtu huchukua fungu lake na kulidharau la mwenzake. Mimi hupenda sinema za kila aina, na naona kwamba mgawanyo huo hutuonyesha vazi la sinema tu. Moyo wake hautuonyeshi. Chukua sinema tatu ambazo kwa sura hazina udugu wowote.

Ya kwanza ni High Noon (1952), iliyoongozwa na Fred Zinnemann. Ni ya kaboi, lakini mapigano yenyewe huja karibu na mwisho. Muda mwingi tunamwona Will Kane, mkuu wa usalama wa mji mdogo, akienda huku na huko kuomba msaada, na saa ya ukutani haimsubiri. Adui yake anakuja kwa treni ya saa sita mchana. Rafiki mmoja anajificha nyumbani mwake. Kanisani watu wanajadiliana wee, mwishowe wanamshauri aondoke. Kane anashinda, kisha anaitupa beji yake mavumbini na kwenda zake bila neno.

Ya pili ni Mother India (1957) ya Mehboob Khan. Katika mwambao wetu sinema za Kihindi zilipendwa hata na watu wasiojua Kihindi, na si ajabu: uchungu wa Radha, anayeigizwa na Nargis, hauhitaji mkalimani. Deni la mkopeshaji Sukhilala linakula mavuno yake mwaka hadi mwaka; hata bangili zake ziko rehani. Mwanawe Birju, aliyemdekeza, anageuka jambazi, anamuua mkopeshaji na kumteka binti yake siku ya harusi. Mama anampiga mwanawe risasi. Mchelea mwana kulia hulia yeye, walisema wahenga.

Hata hivyo, hapa ndipo ninapogombana na sinema hii ninayoipenda. Inatutaka tumtukuze Radha kama mama wa taifa zima. Lakini wazee wa kijiji ndio walioamua kesi ya deni kwa faida ya Sukhilala, na hakuna aliyewauliza. Heshima ya kijiji imelipwa na maskini peke yake, tena kwa damu ya mtoto wake.

Ya tatu ni Bicycle Thieves (1948) ya Mwitaliano Vittorio De Sica. Haina mapigano ya bastola. Huko Roma baada ya vita, Antonio anapata kazi ya kubandika mabango, kazi isiyofanyika bila baiskeli. Mkewe anatoa mashuka ya kitanda ili kuikomboa baiskeli iliyowekwa rehani. Siku ya kwanza kazini inaibwa. Baada ya kuitafuta bure na mwanawe Bruno, Antonio naye anaiba baiskeli ya mtu. Anakamatwa, anazabwa makofi, na mtoto anaona yote. Mwenye baiskeli anamtazama Bruno, kisha anasema aachwe aende.

Naam, swali la sinema zote tatu ni moja: haki ikitendeka, nani anailipia? Kane analipia woga wa mji wake. Radha analipia dhuluma ambayo kijiji kiliihalalisha. Kwa Antonio peke yake mtu mwingine anakubali kupokea sehemu ya gharama.

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu niliketi katika vikao vingi vya nidhamu. Kanuni hutaja kosa na adhabu yake. Hazitaji mtoto aliyesimama kando. Ndiyo maana sikubaliani na walimu wenzangu wanaodai kwamba sinema isiyotamka fundisho lake haifundishi. Mother India inalitamka kwa sauti kubwa, nami nabaki na ubishi. Ile ya De Sica haitamki kitu, lakini ningependa kila mwalimu aione kabla hajakabidhiwa darasa.

Msomaji, ukiipata, mwangalie sana yule mwenye baiskeli. Anaonekana kwa muda mfupi tu na si shujaa wa hadithi. Baiskeli ni yake na mwizi yuko mikononi mwake. Angeweza kumpeleka polisi, na hakuna ambaye angemlaumu.