Ufundi wa Kumkirimu Mhitaji

Watu husifu ufundi wa seremala aundaye mitumbwi, na wa mvuvi avutaye dagaa kwa taa katika usiku usio na mwezi, wakausahau ufundi mwingine ambao pasipo huo ufuko wa Ziwa Tanganyika usingalikalika, nao ni ufundi wa kumpokea mtu aliyefika mikono mitupu. Nauita ufundi, wala siuiti huruma, kwa kuwa huruma humjia kila mwenye moyo, ilhali kumkirimu mhitaji pasi na kumvunjia staha ni kazi yenye kanuni zake, na asiyefunzwa huiharibu.

Mwamgongo, kijiji kilichobanwa baina ya milima na ziwa, kaskazini ya hifadhi ya Gombe, ni chuo chema cha kazi hiyo. Mgeni hufika kwa boti, akashuka mbele ya macho ya watu, na fedheha yake, kama anayo, haina pa kujisitiri. Mwenyeji aliyefunzwa humtangulia kwa salamu, akampokea mzigo hata ukiwa ni kitambaa kilichopigwa fundo, akamnawisha, akamwandalia ugali wa muhogo na dagaa waliotiwa mawese; na maswali ya kwao wapi na limemleta lipi hungoja hata ashibe, maana mwenye njaa aulizwaye habari zake kabla ya kula hudhani chakula ni ujira wa majibu. Wengi huitaja methali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, kana kwamba ni ya kumfukuza mtu. Mimi naiona ndiyo kilele cha ukarimu. Hapa ufukweni jembe ni dagaa wa alfajiri, watakao mikono mingi ya kuwaanika, na mkimbizi aombwaye msaada wa kuanika huacha papo hapo kuwa ombaomba.

Fundi nimhusuduye kuliko wote alikuwa Ujiji. Mwezi wa Oktoba 1871 David Livingstone alirejea huko kutoka Manyema, mgonjwa na dhaifu, akakuta bidhaa alizoletewa zimeuzwa na mtu aliyeaminiwa kuzitunza. Katika shajara yake alijilinganisha na yule msafiri wa Yeriko, asiyetumaini Msamaria. Msamaria akaja, naye ni Syed bin Majid, tajiri wa Kiarabu, Mwislamu, ambaye asubuhi moja walipokuwa wawili peke yao alimwambia kuwa bidhaa hana ila pembe za ndovu anazo, akamsihi amruhusu auze baadhi yake ampe thamani yake. Livingstone akajibu kwamba wakati bado, na haukupita muda Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, akawasili. Siisafishi biashara ya pembe, iliyofuatana na utumwa katika zama zile. Nausifu mkono wa fundi. Hakusema mbele ya baraza, na aliyesihi alikuwa mwenye mali, hata fakiri akabaki na uhuru wake wa kukubali au kukataa. Na sura ya 25 ya Mathayo, ambamo Bwana anajihesabu miongoni mwa wageni na wenye njaa, yaelekea huko huko: mtoaji ndiye abishaye hodi.

Najua ufundi huu una mpaka. Mei 2015 Warundi kwa makumi ya maelfu walifurika Kagunga, mpakani, kipindupindu kikawaingia, na meli kongwe MV Liemba ikawa inawachukua kwenda Kigoma, wapelekwe kambi ya Nyarugusu. Umati kama ule hauwezi kunawishwa mmoja mmoja. Huhitaji serikali, dawa na mahema. Lakini hata foleni ya unga inaweza kupangwa kwa adabu.

Kwa hiyo nawasihi wazee wa makanisa yetu, wale wasomao majina ya maskini mbele ya usharika wote kabla ya kugawa nguo na unga: ziacheni orodha hizo ofisini, mkawaendee watu majumbani mwao, tena jioni.