Siku Tatu za Muhogo

Mama mmoja wa hapa Kavimvira, Kivu ya Kusini, humenya muhogo mchungu kwa kisu kifupi, akautumbukiza ndani ya pipa la maji, akafunika. Siku ya tatu huzamisha mkono na kuubinya kwa kidole gumba. Ukiwa na moyo mgumu bado, huurudisha bila kusema neno. Ukilainika, huuvunja, akauvuta ule uzi wa katikati ukatoka mzima, kisha akauanika juani. Mikono yake hunuka uchachu hadi jioni. Kidole kile nakiheshimu kuliko shahada nyingi.

Anachokifukuza ni sianidi, sumu ya muhogo huo. Wanakemia wanaijua tabia yake: ni kaboni na nitrojeni zilizoshikana, nayo huyaandama madini. Ikikutana na shaba, kama ile ya Katanga, kaboni hushika chembe moja, nitrojeni ikashika ya pili, mnyororo ukaendelea hadi kuwa fuwele. Mwilini nako haiachi tabia: hung'ang'ania chuma kilichokaa jirani na shaba katika kimeng'enya ambacho seli hupumulia.

Bibi zetu hawakuyasoma hayo. Walijua maji, muda na jua. Na bugali wao wa muhogo waliula kwa ndagala wa ziwa au maharage, vyakula vinavyoupa mwili salfa ya kuivunja sumu iliyobaki. Nani aliwafundisha?

Siku hizi ni mbio tu. Kule Bandundu, barabara ya kwenda Kinshasa ilipotengenezwa, muhogo ukawa biashara na siku tatu zikawa moja. Watafiti waliandika habari hiyo mwaka 1992. Waliolipa ni watoto na akina mama. Konzo, ugonjwa ambao daktari Trolli aliueleza mwaka 1938, humpata mtu ghafla, miguu ikakakamaa, asitembee tena kama zamani. Mwaka 2011 madaktari waliripoti konzo Burhinyi, huku huku kwetu Kivu ya Kusini.

Anayekimbia vita hana pipa wala siku tatu, na simlaumu. Namlaumu mchuuzi anayemsukuma mama autoe muhogo kabla haujalainika, ili gari lisiondoke tupu. Kazi iliyolinda vizazi inachakaa hivyo, siku moja baada ya nyingine, na mabinti wanaokua sasa wanaona haraka ndiyo ufundi.

Ndugu mnunuzi, mama akikuambia muhogo bado siku moja, subiri. Konzo haina dawa inayorudisha miguu.