Mgeni, Mwenyeji na Neno «Kwa Nini»: Uhakiki wa «Voyage au Congo» ya André Gide

Jina la kitabu cha André Gide, «Voyage au Congo», kilichotolewa Ufaransa mwaka 1927, humpotosha msomaji wa Kongo. Sehemu yake kubwa yahusu Ubangi-Shari, koloni ya Wafaransa ambayo leo ni Jamhuri ya Afrika ya Kati. Gide alifika huko mwaka 1925 pamoja na Marc Allégret. Alikuwa mtu wa fasihi, mwenye hamu ya kuona misitu na wanyama, na kitabu chake alikitoa kwa ukumbusho wa Joseph Conrad. Siasa hakuifuata, ilimjia usiku, kwa kinywa cha chifu.

Chifu huyo, Samba N'Goto, alimsimulia jinsi askari waliotumwa na mtawala wa Boda walivyowaua wakazi wa Bodembéré, wanawake na watoto wakiwamo, kwa kuwa walikataa kuacha mashamba yao na kuhamia kando ya barabara. Kuhusu Bambio, Gide alipata habari kwamba wavuna mpira wa Compagnie Forestière, wasiotimiza kiasi walichoagizwa, walilazimishwa kuzunguka majengo ya kampuni katika jua kali huku wamebebeshwa magogo mazito.

Sifa ya kitabu ni kwamba habari hizi hazikuachwa ziwe uvumi. Gide anataja vijiji, tarehe na idadi ya waliokufa, na alimwandikia gavana wa koloni. Msafiri aliyetembea na watumishi na wapagazi, wakati mwingine akibebwa kwa kipoyi, alikubali kuharibikiwa na safari yake ya starehe. Hilo si dogo.

Lakini kitabu hicho kina kasoro mbili zinazostahili kutazamwa. Ya kwanza ni ya lugha. Gide anadai kwamba wenyeji hawaelewi neno «kwa nini», na anashuku kama neno hilo limo katika lugha zao nyingi. Mtu asiyejua lugha hizo, anayetegemea mkalimani, angalipaswa kusita. Kisango kina «ngbanga ti nyen», Kilingala kina «mpo na nini», na Kiswahili kina «kwa nini». Zote tatu huuliza sababu kwa kuunganisha kihusishi na neno la kuuliza kitu. Tena, ushahidi wa kumpinga Gide umo katika kurasa zake mwenyewe. Samba N'Goto anaeleza kilichotendeka na pia kilichokisababisha: amri ya kuhama, thamani ya mashamba, adhabu ya ukaidi. Huyo ni mtu aliyeijua sana «kwa nini», na alimtembea mgeni usiku ili amjibu.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuja, na mwenyeji akafungwa. Baada ya kusema, Samba N'Goto alikamatwa. Usalama wa msafiri ulilindwa na rangi yake, jina lake na kazi aliyokabidhiwa na Wizara ya Makoloni. Mtoa habari hakuwa na ngao yoyote. Gide alijua hayo na aliyaandika kwa uchungu, lakini aliendelea kuamini kwamba wakubwa wa utawala, wakiisha kuarifiwa, wangesafisha uovu wa walio chini yao. Wagbaya hawakungoja usafi huo. Mwaka 1928, mwaka mmoja tu baada ya kitabu kutoka, waliinuka katika vita vya Kongo-Wara chini ya Karnu.

Kwa hiyo kitabu hiki kisomwe vyuoni, na kisomwe kwa makini. Mwanafunzi anayekwenda kijijini na daftari kukusanya maneno, hadithi au ushuhuda yumo katika nafasi ile ile ya Gide: kesho yeye ataondoka. Kabla ya kuuliza swali la kwanza, yampasa ajiulize ni nani atakayelipia jibu.